Kombi ya kulala: fuata maji kwanza, rangi baadaye

Kombi iliyozeekea Mwanza na Kombi iliyozeekea Tanga si gari moja, hata kama zilitoka kiwandani siku moja. Ziwa letu halina chumvi, kwa hiyo gari la huku huoza pale maji yaliposimama tu, wakati la pwani huliwa kila upande na upepo wenyewe. Ndiyo maana mtu akiniuliza anunue ipi, sianzi na mwaka wala kilomita. Namuuliza: imelala wapi miaka yote hii, na ilikuwa na paa juu yake au mwembe?

Kombi ninayoongelea ni ya Volkswagen yenye kioo kimoja kipana cha mbele, ile iliyoundwa Ujerumani kuanzia 1967 hadi 1979, injini ya 1600 inayopozwa kwa hewa, na hasa zile zenye paa la kunyanyuka na kitanda ndani. Vipuri si balaa kama watu wanavyodhani. Brazil waliendelea kuunda Kombi ya injini ya hewa hadi 2005, kwa hiyo pistoni, gaskiti, kabureta na platini bado vinapatikana vipya. Kinachosumbua ni bati, na bati unalitengeneza mwenyewe nyumbani.

Kabla ya kushika grinda, tafuta maji yanapoingilia. Toa mazulia, viti na kabati, kausha sakafu, kisha nyunyiza unga wa chaki kwenye kona zote. Mmoja akae ndani na tochi, mwingine nje na bomba. Anzeni chini, dakika tano kila sehemu, mkipanda kuelekea paani. Mkianza juu, maji yatateremka kila mahali na hamtajua lililovuja ni dirisha au mfereji wa paa. Kwa kawaida utayakuta yanapita chini ya raba ya kioo cha mbele, kwenye mfereji wa paa uliopasuka, kwenye reli ya mlango wa kuteleza, na kwenye yale matundu ya hewa yaliyo nyuma juu ya magurudumu. Haya ya mwisho humwaga maji karibu na betri, na ukichanganya na asidi, kibati cha betri hutoboka kabla ya kitu kingine chochote. Piga bisibisi pale. Ikizama, usishangae.

Halafu pitisha sumaku chini ya milango. Isiposhika, hilo si bati, ni puti, lile la kujazia mashimo.

Kizingiti, lile boksi lililo chini ya milango, ndiyo kazi kubwa ya gari hili. Si bati moja: kuna la nje unaloliona, la kati na la ndani, na chini yake kuna matundu ya kutolea maji. Udongo wa barabarani ukiyaziba, boksi linageuka bwawa. Gereji nyingi huchomelea kibati juu ya bati lililooza, wakapiga puti na kupaka rangi nyeusi. Linapendeza hadi masika. Kutu haikuondolewa, imefunikwa tu, na sasa ina unyevu wake mwenyewe usioweza kutoka.

Kata mpaka ufike kwenye bati linalong'aa. Ila usikate kabla ya kuishikilia bodi, kwa sababu Kombi hubebwa na bodi nzima pamoja na chasisi iliyochomelewa chini yake, na ukiondoa kizingiti mlango unajifunga kama mkasi. Weka stendi nne chini ya boriti za chasisi, kamwe si chini ya kizingiti, na hakikisha kwa pima maji kwamba gari limenyooka. Chomelea vipande viwili vya chuma cha kona cha milimita 25 kukatiza uwazi wa mlango, kimoja juu kidogo ya sakafu, kingine kwa mshazari. Fanya upande mmoja hadi uishe ndipo uhamie wa pili. Bati la ndani kwanza, la kati linafuata. Kabla ya kufunga la nje, rudisha mlango kwenye bawaba zake na uangalie nafasi kuuzunguka. Ikiwa juu ni milimita 4 na chini ni 9, huu ndio wakati wa kurekebisha. Baadaye hakuna.

Tumia bati jeusi la milimita 1 hadi 1.2. Bati la kuezekea nyumba ni jembamba mno, na zinki yake ikiungua hutoa moshi wa kukuumiza kifua na kuacha mshono wenye matundu. Mashine ya fimbo ya kuchomelea mageti nayo haifai hapa. Fimbo ya milimita 2.5 hutoboa bati hili kama sigara kwenye nailoni. Tafuta mashine ya waya na gesi, waya wa milimita 0.6 au 0.8. Weka nukta moja, ruka sentimita tano, weka nyingine, rudi mwanzo, jaza katikati. Ukivuta mshono mrefu kwa mara moja bati linajikunja, na hakuna nyundo itakayolirudisha sawasawa. Pale mabati mawili yanapolaliana, toboa la juu matundu ya milimita 6 kila baada ya sentimita 4 hivi, kisha yajaze. Hivyo ndivyo utakavyoiga nukta za kiwandani.

Wakazi wa Kirumba, Pasiansi na kando ya ziwa kwa jumla wanajua upepo wa ziwani huamka mchana. Upepo huo hupeperusha gesi ya kukinga mshono, na mshono unatoka na vipele kama andazi lililochacha. Chomelea asubuhi, au zungushia turubai. Na kabla ya cheche ya kwanza: betri itoke kabisa, waya za altaneta zichomolewe, na tanki la mafuta liondolewe. Tanki liko mbele ya injini, kulitoa ni mpaka injini ishuke. Basi ishushe, utaihitaji chini hata hivyo.

Ndani ya boksi, baada ya praima, puliza nta ya kuzuia kutu kupitia matundu ya maji hadi ianze kuchuruzika. Kopo lipashe moto kwenye ndoo ya maji ya moto, si kwenye jiko. Oili chafu ya injini ambayo watu humwaga humo ina asidi na masizi, afadhali uache patupu. Ukimaliza, pitisha waya kila tundu uone halijaziba.

Kioo cha mbele kinastahili siku nzima. Raba mpya juu ya kutu ya zamani ni hasara, kwa hiyo sugua mdomo wa bati hadi chuma, paka praima ya epoksi na rangi, na uache ikauke kabisa. Vika raba kwenye kioo kikiwa kimelala juu ya blanketi. Chukua kamba ya nailoni ya milimita 4 yenye urefu wa mita 5, ilaze ndani ya mfereji wa raba kuzunguka pande zote, ncha zikutane katikati upande wa chini zikipishana kama sentimita 30. Paka maji ya sabuni. Mwenzako asukume kioo kutoka nje kwa viganja, wewe ndani vuta ncha moja taratibu ukielekea ndani ya gari, na utaona mdomo wa raba unavyojikunja juu ya bati kipande kwa kipande, kama mtu anayevaa soksi. Ukikwama konani usivute kwa nguvu. Mwambie aliye nje apige kwa kiganja pale pale, ongeza sabuni, endelea. Usijaribiwe kujaza silikoni. Ile inayonuka siki hutoa asidi inapokauka na hula bati, na zote hufungia maji ndani.

Rangi sitaisema kwa urefu. Praima ya kijivu ya kawaida hunywa maji, kwa hiyo gari lisilale nje na praima hiyo peke yake hata usiku mmoja. Weka epoksi chini, puti juu yake, kisha praima ya kusugua, msasa wa 400 wa maji, halafu rangi. Rangi za kuchanganya na hadina zina isosianeti, kemikali inayodhuru mapafu, na barakoa ya vumbi haikusaidii chochote. Kama huna kifaa cha kukuletea hewa safi, tumia selulosi na ukubali kuipigia polishi zaidi. Jambo la kwetu ni wale wadudu wadogo wa ziwani, wanaoonekana kwa mbali kama moshi juu ya maji, hasa mwezi unapoandama. Wingu moja likitua kwenye rangi mbichi, umepata gari lenye nywele. Piga rangi asubuhi ndani ya hema la nailoni, sakafu imelowanishwa, taa zimezimwa.

Sasa injini. Kosa linaloua nyingi ni mafundi kutupa vibati vinavyoizunguka wakidhani ni mapambo. Feni husukuma hewa, vibati ndivyo vinavyoilazimisha ipite kwenye mapezi ya silinda, na ile raba inayozunguka chumba cha injini huzuia hewa ya moto ya chini isinyonywe tena. Ukiviondoa, injini inapumua joto lake. Kabla ya kuirudisha, fungua ganda la feni utoe viota vya panya, nyasi na mafuta yaliyogandamana kwenye mapezi. Oili ni lita 2.5 tu, na hakuna filta zaidi ya kichujio cha wavu chini, kwa hiyo mwaga kila kilomita 5,000 bila kubembeleza.

Mafuta ya petroli ndiyo yanayochoma Kombi, si ajali. Badilisha hosi zote za mafuta, ziwe za kushika bomba kwa nguvu, kila ncha na klipu yake. Filta isiwekwe juu ya distribyuta, ihamishie chini ya gari karibu na tanki. Kisha kamata kile kibomba cha shaba kinachoingiza mafuta kwenye kabureta ukitikise kwa vidole. Kikicheza, kitachomoka siku moja na kumwaga petroli juu ya injini ya moto. Kitoe, kitie gundi ya chuma au ukikaze upya kabla ya kuwasha.

Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10, hivyo kabureta iliyopangwa kwa pwani hutoa petroli nyingi mno na plagi zinakuwa nyeusi. Kama choki inafunguka vizuri na bado plagi ni za masizi, shusha jeti kuu, kile kitundu kinachopimia petroli ndani ya kabureta, hatua moja, mathalani kutoka 127.5 hadi 125. Jeti ya zamani itie kwenye kisanduku cha kiberiti ndani ya gari. Ukiteremka Dar es Salaam irudishe, maana mchanganyiko mkavu, wenye petroli kidogo mno, utaunguza vali huko.

Breki: hosi zote za mpira ziwe mpya hata kama zinaonekana nzima. Huvimba ndani, mafuta yanaenda lakini hayarudi, na gurudumu linabaki limeshikwa. Toa upepo ukianzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta, pampu kuu ya breki. Matairi ni 185R14 ya mzigo. Ya gari dogo yatayumba ukipita lori barabara ya Musoma.

Ndani weka plaiwudi ya milimita 9 hadi 12. Chipbodi ni nzito na hunywa maji kama mkate. Mtungi wa gesi wa kilo 6 ukae kwenye kisanduku kilichozibwa upande wa chumbani, chenye tundu la sentimita 3 sakafuni, maana gesi hiyo hushuka chini. Betri ya pili iunganishwe kupitia rilei, fyuzi iwe karibu kabisa na betri.

Kitambaa cha paa wapelekee wanaoshona maturubai ya malori, ukiwapa cha zamani kama pateni. Taka turubai la pamba, si la nailoni, la sivyo mtaamka mmelowa kwa pumzi zenu. Likishafungwa, lilowanishe lote kwa bomba na uliache likauke likiwa limenyanyuliwa. Pamba ikivimba huziba matundu ya sindano. Mara ya kwanza litavuja, na si kosa la fundi.

Safari ya kwanza iwe fupi, tuseme Kisesa na kurudi, kifuniko cha injini kifunguliwe nyuma kila kituo. Kwenye kilomita 500 pima tapeti, yaani nafasi iliyopo kwenye vali, injini ikiwa baridi kabisa, milimita 0.15 kila vali. Silinda namba 3, ya mbele kushoto, ndiyo huchemka zaidi kwenye injini za kabla ya 1971, kwa kuwa kipoza oili kimesimama kwenye njia ya hewa yake. Andika kipimo chake. Ukikuta vali ya ekzosi pale imebana, ukarekebisha, na kilomita 500 baadaye imebana tena, vali inarefuka. Fungua hedi hiyo kabla kichwa cha vali hakijakatika na kutoboa pistoni.