Dimoni ya seva si shetani, wala si kirusi

Wiki iliyopita nimelisikia tena. Kwenye ofisi moja barua pepe zilikuwa haziingii tangu asubuhi, na kijana wa zamu akamweleza bosi wake kwamba "seva imeingiwa na dimoni". Alikuwa ameshaandika amri ya kuifuta dimoni hiyo, bado kubonyeza tu. Alichotaka kukifuta ni clamd, yaani chujio la virusi lenyewe.

Dimoni ni programu inayofanya kazi kimyakimya: haina dirisha, haimngoji mtu aibofye. Ile d ya mwisho kwenye clamd, sshd na httpd ndiyo hiyo.

Jina ndilo linaloiponza. Lilianza kutumika MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, mwaka 1963, kwa watu wa Project MAC, mradi wa utafiti wa kompyuta, na kompyuta yao ya IBM 7094. Fernando Corbató, mmoja wao, alieleza kwamba walilitoa kwenye fizikia. Mwaka 1867 mwanafizikia James Clerk Maxwell aliwazia kiumbe mdogo aliyekaa kwenye kijilango kati ya vyumba viwili vya gesi, akipitisha molekuli za kasi upande huu na za polepole upande ule. Mwanafizikia mwenzake, William Thomson, ndiye aliyekuja kumwita dimoni. Na kwa Wagiriki wa kale, wenye neno lao, daimon alikuwa pepo tu, aweza kuwa mwema au mbaya. Wapo wanaodai ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza. Hicho kilibuniwa baadaye.

Mtu anayekaa mlangoni akichambua wa kupita na wa kuzuiwa, Kiswahili kinaye siku nyingi: ni bawabu. Ndiyo kazi ya clamd hasa. Kila barua hupitishwa kwake, naye huilinganisha na orodha ya sahihi za virusi, yaani alama za kuvitambulisha.

Siku ile logi, yaani kumbukumbu za seva, ilisema soketi ya clamd, njia ya programu nyingine kuifikia, haipo. Tukafungua /var/lib/clamav: tupu, hakuna main wala daily, mafaili ya orodha hiyo. Seva ilikuwa imesakinishwa upya, na freshclam, inayopakua orodha hiyo, haikuwahi kumaliza kazi. Bila orodha, clamd haiwaki. Tukaendesha freshclam mpaka mwisho, ndipo tukaiwasha clamd, tukasubiri. Hapo watu wengi hukosa subira: inapakia orodha nzima kwenye RAM, kumbukumbu ya kazi ya kompyuta, zaidi ya GB 1, na seva yenye RAM ndogo huishia kuiua kabla haijasimama.

Barua hazikupotea hata moja. Postfix, programu ya kusafirisha barua pepe, ilikuwa imeziweka kwenye foleni, na isipobadilishwa mpangilio huzishikilia siku 5.

Zilipoanza kushuka, kijana akachukua daftari la zamu aandike kilichotokea. Nikamwambia, "Mdogo wangu, usiandike seva iliingiwa na dimoni. Andika dimoni ya kuchuja virusi haikuwaka, orodha ilikuwa haijapakuliwa." Akakata mstari wa kwanza, akaandika upya.