Lenzi ya enlaja kwenye FED-2: kuingia kwa nyuzi hakutoshi

EL-Nikkor, Componon-S, Rodagon: lenzi hizi za milimita 50 za enlaja, mashine ya kukuza picha kwenye chumba cha giza, zina nyuzi (mistari ya skrubu) zilezile za kamera za Leica za zamani, upana milimita 39, nyuzi 26 kwa inchi. Unaikaza mojawapo kwenye FED-2, kamera ya filamu ya Kisovieti, inaingia kama iliyozaliwa nayo, kisha roli nzima inatoka ukungu.

Tatizo ni umbali. Tangu 1931 kipimo cha Leica kutoka mdomo wa kamera hadi kwenye filamu ni milimita 28.8, na FED-2 inakifuata. Lenzi nyingi za enlaja za milimita 50 zinataka zaidi ya 40. Tena hazina helikoidi, yaani bomba la skrubu la kusogeza lenzi mbele na nyuma, kwa sababu kwenye chumba cha giza kufokasi ni kazi ya enlaja yenyewe. Basi utahitaji helikoidi, na pete ya kujaza pengo linalobaki.

Naipenda FED-2 kwa kazi hii kwa kuwa mgongo wake wote unatoka. Naweka shata kwenye B, inayobaki wazi muda wote kitufe kikibonyezwa, naishikilia hivyo kwa waya wa kufyatulia, nalaza kwenye reli za filamu kipande cha kioo nilichokisugua kwa msasa laini, upande wa ukungu ukitazama lenzi. Naelekeza kamera kwenye mnara wa simu ulio mbali. Unatokea kichwa chini; nasogeza lenzi taratibu mpaka vyuma vyake vitengane kimoja kimoja. Hapo napima pengo kwa kalipa na kumpelekea kipimo fundi wa kukereza, atengeneze pete.

Kipimo hiki hakitaki kukadiria. Kutoka mbali kabisa hadi mita 1, lenzi ya milimita 50 husogea milimita 2.6 tu. Pete yangu ya kwanza ilizidi unene kwa milimita 0.3: mnara ukawa ukungu, na mtu aliyesimama mita 8 akatoka safi. Hata hivyo, afadhali pete iwe nene, maana unaipunguza kwa msasa.

Renjifainda, kipima umbali cha kamera, nayo husoma kwa kamkono kanakogusa nyuma ya lenzi. Helikoidi ya kawaida haikagusi. Ukitaka ikaguse, tafuta lenzi ya zamani ya nyuzi za Leica iliyokufa vioo, utumie ganda lake. Mimi mara nyingi naweka tundu la lenzi f/8, nafokasi mita 10, na kuanzia kama mita 5 kila kitu kinakubalika.

Jambo moja watu hulisahau: baadhi ya lenzi hizi zina kidirisha cha kumulika namba za f. Juani kidirisha hicho huingiza mwanga ndani ya kamera. Kizibe kwa tepu nyeusi.

Usumbufu wote huu ni kwa ajili ya pembe za picha. Lenzi ya enlaja imeundwa kuona bapa, filamu bapa hadi karatasi bapa. Juzi nilipiga ukuta wa matofali uso kwa uso kwa f/5.6, na kwenye negativu mistari ya saruji ya pembeni kabisa imenyooka na kukolea sawa na ya katikati.