Bilal, sauti uliyoisikia bila kujua ni ya nani

Kama umewahi kusikiliza ile albamu ya rapa Kendrick Lamar ya 2015, To Pimp a Butterfly, basi muimbaji Bilal umeshamsikia, yumo kwenye Institutionalized na yumo kwenye These Walls iliyobeba Grammy, lakini ukimtaja kwa watu wanaojiita wapenzi wa neo soul (soul ya kisasa iliyochanganywa na jazi na hip hop) wengi watakuuliza, Bilal yupi? Inaniuma kwa kweli. D'Angelo wanamjua, Erykah Badu wanamjua, na huyu jamaa alikuwa pamoja nao kwenye Soulquarians, lile kundi la wanamuziki waliokuwa wakitengeneza nyimbo pamoja. Mimi nafundisha watu kuimba, na nakwambia bila kusita, kwa upande wa koo simuoni wa kumzidi pale.

Ni mtoto wa Philadelphia, kazaliwa 1979, akaenda New York kusoma muziki, na huko ndiko alikokutana na mpiga piano Robert Glasper. Shule yake ni jazi, na inasikika.

Albamu ya kwanza, 1st Born Second, ilitoka 2001 chini ya lebo (kampuni ya muziki) ya Interscope. Maprodyuza wake balaa: Raphael Saadiq, Dr. Dre, J Dilla. Wengi wanaishia Soul Sista, ngoma tamu sana, ila mimi nataka usikilize Sometimes. Kila muimbaji ana pale mahali sauti ya kifua inapokabidhi kwa falseto, ile sauti nyembamba ya juu, na hapo sauti hupenda kukatika, sisi walimu tunahangaika miaka kumfundisha mtu apafiche. Bilal hapafichi. Anakaa palepale, kama mtu aliyeamua kusimama katikati ya barabara, anaiacha sauti ipasuke, ikwaruze, halafu anairudisha kwenye noti ileile aliyoilenga, safi kabisa. Huwezi kufanya hivyo kwa bahati, yaani ni lazima uwe na pumzi iliyofunzwa na sikio lisilodanganyika, na ndo maana wanaomuiga wanaishia kupiga kelele tu.

Halafu ikaja Love for Sale. Mwaka 2006 ikavuja kwenye intaneti kabla ya kutoka na lebo ikaiweka kabatini. Hii ndo iliyomkwamisha, sina shaka. Ndani yake kuna bendi ya kweli, besi na ngoma zinapumua pamoja naye, wimbo unaanza taratibu huku na unakwenda kuishia mahali hukutegemea, na mashabiki wakaisambaza wenyewe mkono kwa mkono, lakini albamu isiyo dukani haipati redio wala matangazo, kwa hiyo miaka ambayo jina lake lilipaswa kukua ikapita hivihivi.

Alirudi 2010 na Airtight's Revenge, lebo ndogo ya Plug Research. Ngumu kidogo, ina milio ya ajabu, ipe muda. Kwenye wimbo wa Little One anawaimbia wanawe na haongezi madoido yoyote, mtu mwenye uwezo wote ule anaamua kuimba kidogo tu, na ule wimbo ukapata uteuzi wa Grammy. Wanafunzi wangu wanaopenda kujaza mapambo kila mstari huwa nawapa huo kwanza.

A Love Surreal ya 2013 ni laini zaidi, jina lenyewe linamuinamia mpiga saksofoni wa jazi John Coltrane, na albamu yake A Love Supreme, na wale wachoraji wa surrealism, wenye picha kama za ndotoni. In Another Life ya 2015 alifanya na prodyuza Adrian Younge, ina ladha ya soul ya miaka ya sabini, naipenda ila sio sana kama hizo nyingine. Na 2024 katoa Adjust Brightness, imejaa sinthi (vinanda vya umeme), sauti bado iko vilevile.

Kama ndo unaanza, anza na A Love Surreal maana haitakushtua, ukishazoea nenda Airtight's Revenge, na Sometimes usiipige kwenye spika ya simu tafadhali, vaa hedifoni uzisikie zile sauti zake za nyuma anavyojijibu mwenyewe.