Je, wajua kwa nini mbao bapa za plaiwudi hugeuka kayaki bila mataruma (mbavu za chombo) wala kalibu?

Kayaki ni chombo chembamba, mara nyingi cha mtu mmoja, kinachoendeshwa kwa kafi lenye bapa pande zote mbili. Wainuit wa kaskazini ya mbali walikiunda kwa kiunzi cha mbao au mifupa, kisha wakakivika ngozi za sili. Mtu anayeunda kayaki ya plaiwudi nyumbani leo hana kiunzi cha namna hiyo, wala hana kalibu ya kulazia mbao zake. Ana vipande virefu vichache vya unene wa milimita 4 hivi, vimelala sakafuni vikiwa bapa kabisa. Lakini akishavifunga kwa nyaya, vinasimama vyenyewe, vikiwa na omo (mbele), tezi (nyuma) na tumbo lililobetuka. Ni nini kilichovipinda?

Kilichovipinda ni kingo zao. Chukua karatasi mbili ngumu, uziweke moja juu ya nyingine, na ukate upande mmoja wa zote mbili kwa mstari uliobenuka kidogo kama upinde. Ziunganishe kwa utepe wa gundi kwenye mstari huo, kisha zifungue kama kitabu. Kama zingekubali kulala chali, kingo hizo mbili zingegusana katikati tu na kuachana kwenye ncha. Utepe haukubali ziachane, kwa hiyo karatasi hazina budi kuinua ncha zake na kujipinda. Ule mshono wa katikati ndio mkuku, yaani uti wa chini wa chombo, na mbele yako kuna mfano wa kayaki. Umbo lote limo ndani ya mkato, na ndiyo maana msumeno ukikosea ukingoni, kosa hilo huonekana baadaye katika tumbo la chombo, mahali ambapo haliondoki kwa msasa.

Jaribio hilohilo la karatasi linaeleza pia kwa nini kayaki nyingi za plaiwudi huwa na pembe kali ubavuni, ilhali za plastiki ni za mviringo. Ubao bapa, kama karatasi, hukubali kuviringwa kuwa bomba, lakini haukubali kuwa bakuli. Mchoraji anayetaka tumbo la mviringo zaidi hulazimika kuongeza idadi ya vipande, na kila kipande kinacholeta mshono mwingine huleta pia siku nyingine ya kazi.

Njia hii ya kushona kwa nyaya na kugundisha ilienea Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ken Littledyke aliitumia kwa kayaki, na Barry Bucknell, mtangazaji wa televisheni aliyewafundisha watazamaji kazi za mikono za nyumbani, akaitumia pamoja na mchoraji wa vyombo Jack Holt kuunda mashua ndogo ya tanga iitwayo Mirror, iliyopewa jina la gazeti la Daily Mirror lililoifadhili. Zaidi ya mashua 70,000 za aina hiyo zimeundwa, nyingi kati yake na watu wasio mafundi.

Kazi yenyewe huanza na tatizo la urefu. Bamba la kawaida la plaiwudi lina mita 2.44, na kayaki ya safari huweza kufika mita 5, hivyo mabamba hupaswa kuungwa. Kingo mbili hurandwa kwa mteremko wa moja kwa nane, yaani milimita 32 kwa ubao wa milimita 4, kisha hulaliana na kugundishwa. Hapa plaiwudi yenyewe humsaidia fundi: matabaka yake hujitokeza kwenye mteremko kama michirizi, na michirizi ikiwa minyoofu na sambamba, mteremko umelingana, ikiyumba, randa imezama mahali fulani.

Matundu madogo hutobolewa kama sentimita moja kutoka ukingoni, kila baada ya sentimita 10 hadi 15, na kila jozi ya matundu hupitishwa kipande cha waya wa shaba kinachosokotwa kwa koleo upande wa nje. Anayeanza hukaza kila waya papo hapo, na ubao hupasuka kwenye tundu. Nyaya ziachwe zimelegea mpaka mshono wote ufungwe, ndipo zikazwe kidogo kidogo. Kisha, kabla ya gundi yoyote, vijiti viwili vilivyonyooka huwekwa juu ya chombo, kimoja karibu na omo na kingine karibu na tezi, na fundi huinama akavitazama kwa jicho moja: visipokuwa sambamba, chombo kimepotoka. Wakati huo hurekebishwa kwa mkono. Epoksi, gundi ya vimiminika viwili vinavyochanganywa, ikishakauka, hakirekebishiki tena.

Watu wengi hudhani nyaya ndizo zinazoshikilia kayaki, kumbe ni vishikizi vya muda tu. Pembe za ndani hujazwa epoksi iliyochanganywa na unga laini wa mbao mpaka isidondoke ukigeuza kijiko, kisha hufunikwa kwa utepe wa nyuzi za kioo, na nyaya zikakatwa au kung'olewa. Kitambaa cha nyuzi hizo hulazwa pia juu ya ubao, nje na ndani. Jiwe likiugonga ubao kwa nje, tabaka la ndani ndilo linalovutwa, na nyuzi za kioo hustahimili sana kuvutwa. Anayeweka kitambaa upande wa nje tu amejikinga na mikwaruzo, lakini hajajikinga sana na kuvunjika.

Epoksi ichanganywe kwa uwiano wa mtengenezaji, na kwa kiasi kidogo, kwa sababu inapoganda hutoa joto, na kikombe kilichojaa huweza kutoa moshi. Glavu ni lazima, kwani ngozi inayoguswa mara kwa mara huweza kupata mzio wa epoksi usioisha. Aidha, jua huichakaza, kwa hiyo kayaki hupakwa rangi, au vanishi yenye kinga ya miali ya jua, nayo vanishi hupakwa upya kila inapoanza kufifia.