Kamba moja juu ya mti: yasemwayo Tanga, na ukweli wake

Haya ndiyo niyasikiayo kuhusu kupanda na kushuka mti kwa kamba moja iliyofungwa juu. "Kamba ikiwa nene, huanguki." Neno hili nimelisikia kuanzia Muheza hadi Pangani, na silishangai, maana sisi tumekulia kwenye mkonge. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo, aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida. 62 tu ndiyo iliyofika hai, ikapandwa Kikokwe, Pangani. Kamba ya katani nguvu yake ni unene, lakini ikikaa na unyevu huoza ndani huku nje ikionekana nzima. Kamba ya nailoni ya kupandia, milimita 11 tu, ikiwa ya daraja A la kiwango cha Ulaya, haikatiki chini ya kilo 2,200 hivi.

"Basi hata manila ya dukani inafaa." Haifai. Nyingi ni za plastiki iitwayo polipropilini, inayoyeyuka kwenye nyuzi joto 165 hivi. Fundo likisugua hapo hapo wakati wa kushuka, joto linaweza kuilainisha.

Linalonitia hofu zaidi ni hili: "Tawi linalonibeba nikilikalia litabeba na kamba yangu." Ukipitisha kamba juu ya tawi, ukafunga ncha moja kwenye shina kisha ukapanda kwa upande wa pili, tawi linavutwa pande zote mbili. Wewe una kilo 70. Lenyewe linabeba karibu 140. Ukifunga kitanzi palepale juu, linabeba 70 zako. Kufunga chini kuna faida yake: mkifunga kwa kifaa kinachoachia kamba taratibu, mwenzako anaweza kukushusha ukizimia. Hilo si dogo, kwa sababu mtu anayening'inia bila kusogea kwenye mkanda wa kupandia, ule unaofungwa kiunoni na mapajani, anaweza kufa kabla msaada haujafika. Ila tawi lichaguliwe kwa uzito maradufu. Msufi, wenye mti laini, mimi siupandi hivi. Na kabla ya kupanda, watu wawili waining'inie kamba pamoja wakiwa karibu na ardhi.

"Mkwezi wa minazi hana la kujifunza hapa." Namheshimu sana mkwezi, lakini mnazi hauna tawi. Yeye hukumbatia shina, na kitanzi miguuni. Kazi yake ni nyingine.

"Kupanda ndiyo kazi, kushuka ni kujiachia tu." Wawindaji wa Marekani wanaomvizia kulungu wakiwa wamekalia mkanda uliofungwa mtini hushuka gizani, wamechoka, vidole vimekufa ganzi kwa baridi. Hapo kamba haikatiki: mtu huteleza hadi ncha isiyofika chini, akaanguka. Kwa hiyo funga fundo kubwa kwenye ncha. Chini ya kifaa cha kushukia weka fundo la Prusik, yaani kitanzi cha kamba nyembamba kinachozungushwa kwenye kamba kuu na kuibana kikivutwa, ili likushike mkono wako ukiiachia kamba. Na ukiwa umekaa juu, kamba ya kiunoni inayokufunga mtini isilegee kamwe: kamba hizi hazinyumbuki sana, na hata anguko fupi hukushtua mgongo.

(Kuwinda kwenyewe hapa kwetu kunataka leseni, kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009.)