Safari ya shule Japani: anza na kalenda yao, maua baadaye

Shule ikiniuliza habari za safari ya Japani, swali la kwanza karibu kila mara ni maua ya sakura. Tokyo na Kyoto huchanua kati ya mwisho wa Machi na mwanzo wa Aprili. Tatizo ni kwamba ndizo siku ambazo shule za Kijapani zimefungwa, kwa sababu mwaka wao wa masomo huisha Machi na mpya huanza Aprili. Picha mtapata, ila darasa la kuingia na vijana wa rika moja wa kuzungumza nao hamtapata, na vyumba vya hoteli vimepanda bei. Kama lengo ni utamaduni, tafuta kwanza lini shule mwenyeji ina vipindi vya kawaida.

Likizo ya Juni ya Tanzania inaangukia pazuri. Ni msimu wa mvua, tsuyu, na jasho halikauki, lakini madarasa yanaendelea na mwavuli wa plastiki unauzwa kila duka. Kwa Kenya, likizo ya Agosti ni mtego: shule nyingi za Japani hufungwa tangu karibu Julai 20, joto la Kyoto hupita nyuzi 35, na katikati ya mwezi ni Obon, sikukuu ya kuwakumbuka mababu, watu wanarudi makwao na treni zinafurika. Likizo ya kufunga mwaka, hasa Novemba, inawafaa zaidi. Ila Novemba hiyo Kyoto imejaa wanafunzi wa Kijapani walio kwenye ziara zao wenyewe, kwa hiyo hekalu la Kiyomizu-dera liendeeni saa 12 asubuhi, linapofunguliwa.

Viza ya kuingia mara moja hudumu miezi 3 tangu itolewe, kwa hiyo usiikimbilie mapema mno. Ubalozi unataka ratiba ya kila siku yenye jina, anwani na simu ya mahali mtakapolala. Makundi mengi hukwama hapo: ratiba inataja hoteli moja, uthibitisho wa malipo unataja nyingine. Wazazi nao waandikiwe barua: dawa za mafua zenye pseudoefedrini zaidi ya 10% haziruhusiwi kuingia Japani, na sambusa za nyama zitaishia uwanja wa ndege.

Treni ya kasi ya Nozomi kutoka Tokyo hufika Kyoto kwa takriban saa 2 na robo, kisha husimama dakika moja au mbili tu. Watoto 30 wenye mabegi makubwa hawashuki kwa muda huo. Isitoshe, begi linalozidi sentimita 160 ukijumlisha urefu, upana na kina lazima likatiwe nafasi pamoja na kiti. Yatumeni mabegi kwa takkyubin, huduma ya kusafirisha mizigo, hoteli hadi hoteli. Kwa safari hiyo kwa kawaida hufika kesho yake. Kila mtoto abaki na mkoba wa nguo za usiku mmoja.

Kipindi cha chai ndicho huharibika kwa mambo madogo. Bakuli moja ni gramu 2 hivi za matcha, unga wa chai ya kijani, na mililita 70 za maji ya nyuzi 80. Maji yanayotokota huzidisha uchungu. Hakuna sukari: kitamutamu huliwa kwanza, na anayekiweka akiba atakunja uso. Bakuli hushikwa kwa mkono wa kulia, likawekwa juu ya kiganja cha kushoto, likazungushwa kidogo mara mbili kufuata saa ili upande wake wa mbele usiguse midomo. Pete na saa zivuliwe, zinakwaruza vyombo. Kukaa kwa magoti hutia ganzi ndani ya dakika 10, na anayeinuka ghafla huangukia vyombo vya watu. Wafundishe kuchezesha vidole vya miguu kabla ya kusimama.

Bafu la onsen, yaani la chemchemi ya maji moto, ni la pamoja, bila nguo, wanaume kwao na wanawake kwao. Unajiosha kwanza umeketi, kisha unaingia majini. Wapo watakaokataa, hasa watoto wa Pwani, na wana haki yao. Unapoweka nafasi ya vyumba, ulizia bafu la faragha, kashikiri. Kwenye chakula, kusema "hatuli nguruwe" hakutoshi. Taja pia mirin na sake, pombe za mchele, kwenye michuzi, supu ya mifupa ya nguruwe kwenye tambi za rameni, na jelatini. Andika kwa Kijapani. Kuswali, Tokyo kuna msikiti wa Tokyo Camii, na Kobe kuna msikiti tangu 1935.

Siku ya kutembelea shule, mwombe mwenyeji msiishie kwenye ngoma na hotuba ukumbini. Ombeni mbaki hadi soji, wanafunzi wanapofagia na kupiga deki madarasa yao wenyewe, na watoto wenu wapewe matambara. Kila mmoja aje na viatu vyepesi visafi vya kuvaa ndani, maana ndala za wageni hazimwenei kijana wa namba 45.