Mtoto asiyetaka kuchafua mikono

Wazazi wengi hunijia na mtoto anayejipaka kila anachokiona. Huyo hanipi shida, mpe tu shuka kuukuu la kukalia. Ninayemfikiria zaidi katika kazi yangu ya tiba kazi, yaani kuwasaidia watoto kumudu shughuli za kila siku, ni yule anayegusa rangi kwa ncha ya kidole, anakunja uso, kisha anakunyooshea mkono umfute sasa hivi.

Miaka yangu ya mwanzo nilimshika mmoja wa aina hiyo, nikauzamisha mkono wake kwenye uji wa wanga nikidhani atazoea. Wiki kadhaa hakutaka hata kuisogelea meza yangu. Ncha za vidole zimejaa vipokezi vya mguso, na wapo watoto ambao ubongo wao hukipokea kitu kinachonata kama tishio. Kumwambia "mbona si kitu" ni kumwambia asiamini ngozi yake.

Siku hizi naanza na kikavu. Wanga wa mahindi, ule unga mweupe laini wa kuongezea mchuzi uzito, unateleza mkononi, na ukiubinya unatoa mlio. Nikiona ametulia, naongeza maji kijiko kimoja kimoja, mpaka yafike kama kikombe kimoja kwa vikombe viwili vya wanga. Hapo mambo hubadilika: upige ngumi, unakuwa mgumu, legeza mkono, unachuruzika katikati ya vidole. Ukiusukuma kwa ghafla, punje za wanga hubanana na kukwama. Ukienda taratibu, hupishana ndani ya maji. Ila uzuri wake kwangu ni mwingine. Ukikauka unapukutika, na mtoto anaona kwa macho yake kwamba uchafu umeondoka.

Kijiko au brashi viwepo, na beseni la maji na taulo viwe karibu yake. Anayejua anaweza kunawa wakati wowote hukaa muda mrefu zaidi. Akikataa kabisa, tia rangi ndani ya mfuko wa plastiki mzito, ziba mdomo kwa gundi ya utepe, abonyeze kwa nje.

Usimwache peke yake na beseni hata kwa dakika moja. Maji ya kina cha sentimita 5 yanatosha kumzamisha mtoto mdogo. Anayetia kila kitu mdomoni asipewe unga mbichi wa ngano, unaweza kuwa na bakteria, wala kinyunga cha kuchezea chenye chumvi nyingi. Zile shanga zinazovimba majini sizitumii kamwe: zikimezwa huvimba tumboni na kuziba utumbo. Na wanga usiumwage kwenye sinki, utaziba bomba. Uache ukauke, uutupe.

Yule mtoto niliyeuzamisha mkono wake kwenye uji alirudi mezani baadaye. Alichovya kidole kimoja, akakiosha, akakichovya tena. Nilihesabu mara kumi na moja, mimi nimekaa kimya na taulo mkononi.